Mama wa marehemu, mama wa mfungwa

Alikuja ofisini kabla ya adhuhuri, kakumbatia kikapu cha ukili kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai. Ndani, chini ya leso iliyokunjwa, mlikuwa na hukumu ya mauaji. Aliitoa, akaiweka mezani, akaisukuma kwangu kwa ncha za vidole. "Mwanangu, hawa wote wangu," akasema. Sikumwelewa mara moja. Kumbe aliyeuawa ni mwanawe, na aliyetiwa hatiani ni mwanawe pia, kaka mtu. Kisha akaniuliza: "Huyu akikatiwa rufaa, si itakuwa nimemuua yule mara ya pili?"

Mimi ni wakili hapa Malindi, na kazi yangu kubwa ni rufaa za jinai. Katika haya ninayoandika nimechanganya mambo ya zaidi ya kesi moja ili asitambulike mtu. Lakini swali la mama huyo nimeliacha kama lilivyo, maana nimelisikia kwa wajane, kwa mashangazi, kwa wazee wenye vijiti vyao mkononi. Jamii inapouana yenyewe kwa yenyewe, kila anayekuja kwa wakili huja na msiba na aibu kwa pamoja.

Nilimjibu kwamba rufaa si yake. Ni ya mwanawe aliye jela, na Ibara ya 50 ya Katiba yetu inampa kila aliyetiwa hatiani haki ya kupeleka kesi yake kwa mahakama ya juu zaidi. Mama hatii sahihi popote. Na rufaa haisemi kwamba marehemu hakufa, wala kwamba damu yake ni rahisi. Inauliza kama kosa hili hasa, la kuua kwa kukusudia, lilithibitishwa kwa ushahidi ambao sheria inaukubali.

Kesi ya mauaji nchini Kenya huanzia Mahakama Kuu. Ya Malindi husikilizwa hapa, na za Lamu zimekuwa zikipelekwa Garsen. Rufaa yake huenda Mahakama ya Rufaa, mbele ya majaji watatu. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea njia. Wanadhani siku ya rufaa watasimama tena kizimbani, wataapa, wataeleza yale waliyoyasahau au waliyoyaogopa mara ya kwanza. Hakuna. Majaji wa rufaa wanasoma mwenendo wa kesi uliochapwa, yaani kumbukumbu ya yaliyosemwa kwenye kesi ya kwanza, wanasoma hoja za mawakili, wanatuuliza maswali, basi. Tangu uamuzi wa Okeno dhidi ya Jamhuri wa mwaka 1972, mahakama inayosikiliza rufaa ya kwanza inawajibika kuupima upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wake yenyewe, huku ikikumbuka kwamba haikuwaona mashahidi kwa macho. Kwa hiyo si kwamba wanamkagua tu jaji wa kwanza. Wanaipepeta kesi nzima. Lakini wanapepeta kilichomo ndani ya ungo. Ambacho hakikuandikwa hakimo.

Na siku ni 14. Notisi ya rufaa iwasilishwe ndani ya siku 14 tangu uamuzi. Mfungwa anaweza kuipitisha kwa ofisi ya jela, haina haja ya kungoja familia ichange pesa za wakili. Zikipita, kuna ombi la kuongezewa muda, na hulazimika kueleza kwa nini ulichelewa. Mama huyu alikuja siku ya tisa, na nilishukuru sana.

Sasa tufike kwenye kiini. Ili mtu atiwe hatiani kwa mauaji chini ya kifungu cha 203 cha Kanuni ya Adhabu, upande wa mashtaka lazima uthibitishe kwamba mtu amekufa, kilichomuua ni nini, kwamba mshtakiwa ndiye aliyefanya kitendo hicho kinyume cha sheria, na kwamba alikuwa na kusudio ovu. Katika mauaji ya nyumba moja, mambo matatu ya mwanzo mara nyingi hayana ubishi mkubwa. Kila mtu anajua nani alishika panga. Vita vyote viko kwenye hilo la nne.

Familia huniambia, "Hakutaka kumuua, wakili, walikuwa wakipendana." Naamini. Ila kifungu cha 206 hakisemi kwamba lazima uwe ulitaka afe. Ukikusudia kumdhuru mtu vibaya sana, au ukijua kwamba kitendo chako huenda kikaua na ukakifanya hivyo hivyo, sheria inalihesabu hilo kuwa kusudio. Ndiyo maana ripoti ya daktari aliyepasua maiti naisoma kabla ya kusoma kitu kingine chochote. Jeraha lilikuwa wapi? Moja au mengi? Pigo moja la paja lililokata mshipa na mtu akaishiwa damu njiani kwenda hospitali si sawa na mapigo sita ya kichwani. Silaha ilikuwa nini, na ilitoka wapi? Ilikuwa mkononi tayari, maana mtu alikuwa akifua nazi, au alikwenda kuichukua chumbani? Baada ya tukio alikimbia, au alimfunga mwenzake kitambaa akaita watu?

Halafu kuna kughadhabishwa. Kifungu cha 207 kinasema anayeua katika joto la hasira iliyotokana na kuchokozwa ghafla, kabla hasira haijapata muda wa kupoa, ana hatia ya kuua bila kukusudia, si ya mauaji. Nao ulevi, chini ya kifungu cha 13, haumwondolei mtu kosa hivi hivi, bali mahakama inapaswa kuutazama inapoamua kama aliweza kuwa na kusudio hilo. Kwetu huku hilo ni jambo la kila wiki. Ndugu wawili wametoka mangwe, kwenye kilabu cha tembo la mnazi, ulevi umepanda, mmoja akamtaja mke wa mwenziwe au shamba la baba.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mama huyu. Na hapa nataka nikae kidogo.

Yeye mwenyewe alikuwa shahidi wa mashtaka. Alieleza kwamba aliwasikia wanawe wakitukanana uani, kisha kukawa kimya, kisha akasikia ukelele. Alitoa ushahidi kwa Kigiriama, karani akatafsiri, jaji akaandika kwa Kiingereza. Katika ukurasa uliochapwa, kile kimya kimekuwa maneno mawili matatu tu yenye maana ya "baada ya muda". Hakuna aliyemuuliza muda gani. Si mwendesha mashtaka, si wakili wa utetezi, si jaji. Nami nikamuuliza, pale ofisini, mama, ilikuwa muda gani? Akatazama dirishani. "Muda wa kuteka ndoo moja na kuitua," akasema.

Ndoo moja! Hicho ni kipimo cha hasira isiyopoa. Jaji wa kwanza aliamua kwamba mshtakiwa alikwenda, akatulia, akarudi na panga, na juu ya hilo ndipo alipojenga kusudio. Na mimi siwezi kuichukua ile ndoo nikaipeleka kwa majaji watatu. Mahakama ya Rufaa inaweza kupokea ushahidi wa ziada, ila lazima uonyeshe kwamba haukuweza kupatikana wakati wa kesi hata kwa juhudi ya kutosha, na kwamba ungeweza kuleta tofauti. Mama alikuwa kizimbani. Angeulizwa, angejibu. Nilipomweleza hivyo alinyamaza, akaanza kuikunjua na kuikunja ile leso. Ninachoweza kufanya ni upande wa pili wa jambo hilohilo: kuwaonyesha majaji kwamba mzigo wa kuthibitisha ni wa mashtaka, na kwamba hakuna mahali popote kwenye kumbukumbu panapothibitisha huo muda wa kutulia. Pengo hilo halikuwa la kujazwa kwa kukisia dhidi ya mshtakiwa.

Kuna mengine mawili niliyoyaona katika karatasi zake, na nayaeleza kwa sababu yanajirudia sana kesi zinapokuwa za ndugu.

La kwanza ni mke. Mke wa mshtakiwa aliitwa na mashtaka akaeleza aliyoyaona. Kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi kinasema mke au mume wa mshtakiwa haitwi kuwa shahidi ila kwa ombi la mshtakiwa mwenyewe. Kuna makosa yaliyotengwa, mojawapo likiwa kitendo kilichomdhuru huyo mke au mume, au watoto wa mmoja wao. Kwa hiyo baba akishtakiwa kumuua mwanawe, mkewe anaweza kuitwa. Akishtakiwa kumuua nduguye, hilo halimo. Watu hushangaa nikiwaambia, lakini kuna sababu: sheria haikutaka kumlazimisha mtu achague kati ya kiapo na ndoa yake, isipokuwa pale aliyeumizwa ni yeye au ni mtoto wa humo ndani.

La pili ni mtoto. Alikuwapo wa miaka tisa, na maneno yake yalikuwa mazito. Mtoto wa umri huo, jaji kwanza humhoji mwenyewe, aone kama anaelewa maana ya kiapo, na kama haelewi, aone kama ana akili ya kutosha na anajua wajibu wa kusema kweli. Mahojiano hayo yanatakiwa yaonekane kwenye kumbukumbu. Kwenye karatasi zetu uko mstari mmoja tu unaosema mtoto ameapishwa.

Majaji wakikubaliana nami kwa yote mawili, bado kesi haijaisha. Watauondoa ushahidi usiofaa, watatazama kilichobaki, na kuuliza kama kinatosha kusimama peke yake. Panga limebaki. Ripoti ya daktari imebaki. Mama amebaki. Ndiyo maana sikumwahidi kwamba mwanawe ataachiliwa. Nilimwambia tunapigania neno moja, kutoka kuua kwa kukusudia kuwa kuua bila kukusudia, na ndani ya neno hilo mna miaka mingi. Kuua bila kukusudia adhabu yake ya juu kabisa ni kifungo cha maisha, na mahakama hupima.

Hata kwa mauaji yenyewe, tangu tarehe 14 Desemba 2017, Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya Muruatetu, adhabu ya kifo si ya lazima tena. Jaji anaweza kusikiliza maombi ya utetezi ya kupunguza adhabu na kutoa adhabu inayomfaa mkosaji. Hapo ndipo msamaha wa familia unapopata nafasi. Wako wanaofikiri wakikaa na wazee, wakalipana fidia ya damu, wakasoma dua, kesi imekwisha. Mwaka 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliwahi kuruhusu shtaka la mauaji liondolewe baada ya familia mbili kusuluhishana, lakini hiyo ilikuwa kabla ya mtu kutiwa hatiani, na si mlango unaofunguka kila siku. Baada ya hukumu, msamaha haufuti kosa. Unaweza kupunguza adhabu, na miaka aliyokaa rumande ni lazima izingatiwe.

Niseme na hili, kwa uchungu. Katika kaunti yetu ya Kilifi wazee wameuawa na watu wa damu yao kwa madai ya uchawi, na mara nyingi nyuma ya uchawi kuna shamba. Tangu mwaka 1951, katika kesi ya Eria Galikuwa, mahakama za Afrika Mashariki zimeshikilia kwamba kuamini tu kuwa mtu ni mchawi hakutoshi kuwa utetezi. Anayekuja kwangu na hoja hiyo namwambia wazi haitamfikisha mbali.

Ila yuko mwingine nisiyeweza kumtupa: kijana ambaye nyumba nzima ilijua hayuko sawa. Alikuwa akisema na ukuta, halali, anakimbia usiku. Walimpeleka kwa mganga, wakampunga mashetani, na hawakuwahi kumfikisha kliniki. Siku alipomuua shangazi yake, hapakuwa na karatasi hata moja ya daktari. Kifungu cha 12 cha Kanuni ya Adhabu kinamlinda aliyekuwa hajui anachokifanya kwa sababu ya maradhi ya akili, lakini kifungu cha 11 kinaanza kwa kumhesabu kila mtu kuwa na akili timamu hadi ithibitishwe vingine. Ukifika rufaa bila cheti, bila daktari, bila hata jirani aliyeulizwa kizimbani, unabaki na hoja isiyo na miguu. Mpelekeni kwa mganga mkitaka, lakini mpelekeni na hospitali, na kile kijitabu cha hospitali mkitunze.

Nirudi kwa mama yule wa kikapu. Nilimtembelea mwanawe jela, akatia sahihi notisi. Alizungumza kidogo sana. Aliuliza kama mama anakula.

Mama alirudi wiki iliyofuata. Alikuwa ameisoma hukumu kwa msaada wa mjukuu, na kuna kitu kilichomkera kuliko adhabu. Jina la marehemu limekosewa, herufi moja, kuanzia shtaka hadi ukurasa wa mwisho. Akauliza kama hilo linaweza kuivunja kesi. Nikamwambia hapana, kifungu cha 382 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai hakiruhusu hukumu ivunjwe kwa kosa la namna hiyo lisilomnyima mtu haki. Akasema hakuulizia kesi.

Nikafungua hati ya sababu za rufaa kwenye kompyuta, nikageuza kioo upande wake. Akanitajia herufi moja moja, polepole, nami nikaandika.