Jua halikomazi tofali la saruji
Wengi wanaojenga kidogo kidogo Manzese au Mbagala, Dar es Salaam, huamini tofali likianikwa juani ndipo linakomaa. Sivyo. Saruji hushika kwa kuungana na maji. Maji yakikauka mapema, tofali hubaki la kumomonyoka hata kama mchanganyiko ulikuwa mzuri, ndoo 1 ya saruji kwa 6 hadi 8 za mchanga. Hapa ndipo jasho la wanyonge hupotea. Ukienda kununua tofali, likwangue kwa msumari: likimwaga unga, usilinunue. Ukifyatua mwenyewe, fyatulia kivulini, kesho yake anza kumwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7 angalau, ukifunika kwa turubai. Nguvu yake hupimwa siku ya 28. Mchanganyiko ulioanza kushika usiufufue kwa maji, utupe.