Busha, sitara na mkono wa daktari

Nikiulizwa ni upasuaji gani unaompima daktari hasa, watu hutarajia nitaje moyo au ubongo. Mimi hutaja busha.

Busha la huku kwetu Pwani mara nyingi hutokana na minyoo midogo inayoenezwa na mbu, ile ile iletayo matende, ambayo huiharibu mishipa ya limfu hadi maji yakajaa katika utando unaoizunguka korodani. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa wanaume milioni 25 duniani wanaugua hivyo. Dawa zinazogawiwa kwa umma huzuia maambukizi yasienee, lakini busha lililokwisha kukua huhitaji kisu.

Kisu chenyewe si kigumu: ganzi ya uti wa mgongo, ngozi ikapasuliwa, maji yakatolewa, utando ukakatwa, na kwa kawaida saa moja haimaliziki. Kazi ni kumfikisha mtu mezani. Mzee aliyevuka na feri ya Likoni, ambaye kwa miaka amekuwa akifunga kikoi kwa namna ya kuficha na ameacha hata kukaa barazani na wenzake, akiulizwa shida yake mbele ya mwanawe na wanafunzi watano atajibu, "Kiuno, daktari." Ataandikiwa dawa ya maumivu na kurudi alikotoka. Ndiyo maana huwatoa watu wote kwanza, nikavuta pazia, nikamwamkia shikamoo na kumuuliza habari za kusi na samaki, mpaka aseme mwenyewe, "Mwanangu, kuna jambo jingine." Wanafunzi hudhani napoteza wakati. Sikubaliani na wanaouona upole kuwa pambo la tiba, kwa sababu pasipo sitara maelezo ya mgonjwa huwa ya uongo, na tiba inayojengwa juu yake huwa ya uongo vilevile.

Lakini upole peke yake hauzuii damu. Nyama za mfuko wa korodani ni legevu, hazina cha kukibana kimshipa kinachovuja, kwa hiyo uvujaji mdogo tu waweza kumwachia mgonjwa uvimbe mkubwa ifikapo jioni. Nikishaukata utando huufuata ukingo wake wote polepole, nikafunga kwa uzi au kuchoma kila kinachotoa damu, nikaosha kwa maji ya chumvi, nikasubiri, kisha nikatazama tena. Wakati huo msaidizi amechoka, mgonjwa mwingine yuko mlangoni, na aliyelala mezani hatajua kamwe kama nilitazama mara moja au mbili. Hapo ndipo tabia ya mtu hufanya kazi.

Isitoshe, tabia ya mtu mmoja haitoshi. Orodha ya usalama wa upasuaji ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo Ifakara, Tanzania, na matokeo ya mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Humtaka kila mmoja ajitaje jina na kazi yake kabla ya ngozi kupasuliwa, na muuguzi ahesabu pamba na vifaa kabla mgonjwa hajatolewa. Wakubwa wengine huona ni utoto. Mimi nataka muuguzi mdogo kuliko wote awe na ujasiri wa kuniambia, "Daktari, ngoja, hesabu haijatimia."

Mgonjwa anapotoka namweleza mwenyewe: avae nguo ya ndani inayobana, asibebe mizigo mizito, arudi nikague jeraha, na akiona uvimbe asingoje tarehe. Kisha namwomba, akipenda, amnong'oneze mwenzake anayemjua kuwa ana hali hiyo hiyo. Wagonjwa wangu wengi wa busha huja kwa njia hiyo.