Mzee, Usingoje Mkojo Uzibe

Mimi ni muuguzi katika wodi ya wanaume hapa Nairobi. Wazee wengi wa tezi dume huletwa kwetu usiku, kibofu kimejaa hadi karibu na kitovu, baada ya kuvumilia miaka. Haya ndiyo maswali yao.

Tezi dume kuvimba ni nini?
Tezi hii iko chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo. Ya kijana ina takriban gramu 20. Umri ukisonga, hukua na kuubana mrija. Uvimbe huu si saratani, wala haugeuki kuwa saratani.

Naamka mara nne usiku kukojoa. Si uzee tu?
Hapana. Mkojo wa kusukuma, unaokatikakatika, unaokuacha ukihisi hujamaliza: nenda ukapimwe. Usingoje.

Nikipunguza maji na kunywa dawa ya mizizi?
Tafadhali, usingoje kwa njia hiyo pia. Aliyekuuzia mizizi hajakupima figo. Mkojo unaobaki kibofuni husukuma shinikizo nyuma hadi kwenye figo, nazo huharibika kimyakimya. Nimewaona wazee wakisafishwa damu kwa mashine, na ugonjwa wao ulianza kwa dalili hizohizo walizozificha. Wangekuja mapema, huenda vidonge vingetosha.

Upasuaji wa roboti: mashine ndiyo itanikata?
La, ni daktari. Huketi pembeni akiitazama picha iliyokuzwa, na mikono ya mashine hufuata mienendo ya vidole vyake. Huingia kwa matundu madogo tumboni, hutoa nyama iliyovimba na kuacha ganda la tezi, ndiyo maana kupimwa saratani bado kutahitajika. Njia hii hufaa tezi kubwa, kama zile za zaidi ya gramu 80. Nyingine nyingi hukwanguliwa kupitia mrija wa mkojo, bila kupasua tumbo.

Nitapoteza nguvu za kiume?
Hofu hii ndiyo inayowaficha wengi nyumbani. Kwa kawaida nguvu hubaki. Kinachobadilika mara nyingi ni shahawa kurudi kibofuni na kutoka na mkojo. Haidhuru mwili, ila anayetaka mtoto amwambie daktari kabla.

Bado nachanga pesa za roboti. Ningoje?
Usingoje! Roboti si lazima. Upasuaji wa kawaida pia huponya.

Na mkojo ukikataa kabisa?
Hiyo ni dharura. Njoo usiku huohuo uwekwe mpira wa kutoa mkojo. Usingoje kupambazuke.