Kompresheni: reshio sio presha, na presha kushuka sio lazima ringi

Juzi nimesikia tena mtu anasema injini yake ilikuwa kompresheni ya 10 kwa 1 ikiwa mpya, sasa geji imesoma 90 psi (kipimo cha presha) kwa hiyo reshio imeshuka na ringi, zile pete za pistoni, zimekwisha. Hapo mambo matatu yamechanganywa kwenye pumzi moja, na inaniuma kwa sababu akiamini hivyo atashusha injini nzima wakati pengine shida ni valvu tu, ule mlango wa hewa wa silinda, haifungi vizuri.

Kompresheni yenyewe ni kitu chepesi, valvu zote zimefungwa, pistoni inapanda, hewa inabanwa kwenye kanafasi kadogo kale juu kabla ya moto kuwaka. Basi.

Shida iko kwenye neno. Kompresheni limekuja kwetu kwa Kiingereza, nacho kilirithi kutoka Kilatini, asili yake ni kukandamiza pamoja. Kwetu tuna mgandamizo, la kuganda, kugandama, kugandamiza, na ni neno zuri sana kwa sababu linataja tendo, yaani kile pistoni inachokifanya. Lakini gereji neno moja linabebeshwa kila kitu, tendo ni kompresheni, namba ya kwenye kitabu kompresheni, namba ya kwenye geji kompresheni, na wapo wanaosema kompresha ambayo kwa wengine ni ile mashine ya kujazia upepo matairi. Sasa mtu akisema "kompresheni imeshuka" amesema nini?

Reshio, yaani uwiano, ni umbo. Unachukua nafasi yote iliyopo pistoni ikiwa chini kabisa, unagawa kwa nafasi inayobaki ikiwa juu kabisa, ukipata 10 ndo 10 kwa 1. Haina psi wala bar, ni uwiano tu. Silinda inayovuja kila mahali bado ina uwiano uleule wa 10, maana kuvuja hakubadilishi vipimo vya chuma. Uwiano unabadilika ukigusa nafasi yenyewe, mfano hedi (kile kifuniko cha juu ya silinda) ikisagwa, ukiweka gasketi ya kuziba chini ya hedi iliyo nene zaidi, pistoni za aina nyingine, au kaboni ikijaa juu ya pistoni na kula nafasi (ndo maana injini chafu inaweza hata kusoma juu kuliko kawaida).

Presha ndo geji inachosoma, na hiyo ndo inashuka. Na usichukue 10 ukazidisha na 14.7 psi ya hewa ya kawaida ukategemea geji ikubali, kwa sababu hewa ikibanwa inapata joto na joto linapandisha presha zaidi, halafu upande wa pili valvu ya kuingizia hewa huwa inafunga pistoni imeshaanza kupanda, kwa hiyo sio hewa yote inabanwa. Injini nyingi za petroli zikiwa nzima zinasoma kati ya 120 na 200 psi, ila kitabu cha gari lako ndo kinaamua, na kikubwa zaidi ni silinda zisipishane sana, ikizidi asilimia 10 mpaka 15 hivi hapo kuna jambo.

Na hata hiyo presha, kabla hujailaumu injini jiulize umepimaje. Injini iwe ya moto, plagi zote nje, umeme wa plagi na mafuta vimekatwa, betri imejaa, na mtu akanyage pedali ya mafuta mpaka mwisho wakati starta inazungusha. Hilo la kukanyaga wengi wanasahau, njia ya hewa inabaki imefungwa, silinda zote zinasoma chini na watu wanaanza kulia ringi. Zikiwa chini zote kwa pamoja na umepima sawa, angalia pia taimingi, yaani mpangilio wa valvu kufunguka na kufunga, mkanda au cheni yake ikiruka meno inafanya hivyohivyo.

Ringi zina kipimo chake. Kwa petroli tia kijiko kimoja cha oili kwenye silinda iliyo chini (dizeli usifanye, inaweza kuwaka), zungusha, pima tena. Ikipanda sana, oili imeziba pembeni ya pistoni, ringi au ukuta wa silinda umelika. Ikibaki palepale, tazama valvu au gasketi ya hedi, na silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja mimi naanzia gasketi. Usimimine oili nyingi, maana nayo inakula nafasi pale juu, namba inapanda hata kama ringi ni nzima, yaani hapo umeongeza uwiano kwa muda bila kujua na geji inakudanganya.

Kwa hiyo ndugu yangu, badala ya kumwambia fundi "kompresheni imeisha", mwambie "silinda ya tatu inasoma 90, zingine 170, nimetia oili haikupanda". Fundi akisikia hivyo ataanza kwenye hedi, ringi ataziacha kwanza.