Wharram Percy: Mahame Yasiyotokana na Tauni

Wengi wanaoyaona magofu ya Wharram Percy, mahame yaliyoko Yorkshire nchini Uingereza, huamini kwamba wakazi wake walimalizwa na tauni ya mwaka 1349. Dhana hiyo si sahihi. Tauni iliua wengi, lakini mwaka 1368 nyumba zipatazo 30 bado zilikuwa na watu, na uchimbaji wa kiakiolojia ulioongozwa na Maurice Beresford na John Hurst, kuanzia 1950 hadi 1990, ulionyesha kwamba maisha yaliendelea hadi karibu na mwaka 1500. Kilichowaondoa ni kondoo: sufu ilipokuwa na faida kuliko nafaka, wenye ardhi waligeuza mashamba kuwa malisho na kuzifukuza familia za mwisho. Kuyasingizia maradhi ni kuificha dhuluma hiyo.

Kanisa la Mtakatifu Martin lilibaki, kwani parokia ilikuwa na vijiji vingine, kikiwemo Thixendale, ambacho hakikupata kanisa lake hadi 1870. Kutani yangali yanaonekana matao yaliyozibwa kwa mawe pale kanisa lilipopunguzwa ukubwa. Nusu ya mnara iliporomoka mwaka 1959.