Maikrowevu haiui virutubisho: maji na muda ndivyo vinavyoviondoa

"Achana na maikrowevu, inaua virutubisho." Maneno haya huletwa kliniki ya lishe karibu kila siku. Mara nyingi humtoka mtu ambaye mchicha wake ulichemka dakika 20 kwenye maji tele, maji yakamwagwa, kisha mboga ikashinda ndani ya hotipoti tangu saa moja asubuhi hadi saa saba mchana. Mlo huo ulishapoteza karibu kila kilichoweza kupotea kabla haujaiona maikrowevu.

Virutubisho havipotei kwa namna moja. Madini kama chuma, zinki na kalsiamu hayaharibiwi na joto la jikoni hata kidogo. Yakipungua ni kwa sababu yameyeyukia kwenye maji na maji yakamwagwa. Protini ya maharage au ya kuku hubadilika umbo ikipata moto, lakini inabaki protini, na tumbo huisaga kwa urahisi zaidi kuliko ikiwa mbichi. Nyuzinyuzi zinabaki. Karotini ya karoti na mboga za majani, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hustahimili moto vizuri na inataka mafuta kidogo tu ili ifyonzwe. Vilivyo dhaifu ni vichache: vitamini C, foleti (vitamini B9) na vitamini B1. Hizi huyeyuka kwenye maji na huharibiwa na joto, na vitamini C huharibiwa hata na hewa.

Kwa hiyo maswali ya kuuliza ni matatu: maji kiasi gani, muda gani, joto gani. Sahani ya wali na mboga hupata moto kwenye maikrowevu kwa dakika tatu hivi, na hakuna maji ya kumwaga. Kwenye sufuria utachukua dakika kumi, huku unaongeza maji chakula kisishike chini. Mawimbi yenyewe yana kazi moja, kuzitikisa molekuli za maji zilizomo ndani ya chakula mpaka zitoe joto. Hakuna yanachoifanyia vitamini ambacho moto wa gesi au mkaa haufanyi. Mboga ikiivishwa kwenye maikrowevu kwa vijiko viwili vya maji, ikiwa imefunikwa, hubaki na vitamini C nyingi kuliko ile iliyochemshwa maji yakamwagwa. Hiyo ya kumwaga inaweza kuwa imepoteza nusu au zaidi.

Wanaopika Jumapili chakula cha siku tatu waelekeze wasiwasi wao huko mwanzoni. Osha mboga kwanza, ndipo ukate. Pika sukuma wiki au mchicha kwa dakika 3 hadi 5, itoke ikiwa bado ya kijani na yenye ukakamavu kidogo, kwa sababu itamalizikia kuiva siku ya kupashwa. Mchuzi wake usimwagwe. Magadi yaache kabisa. Yanalainisha maharage na kung'arisha kijani cha mboga, sawa, lakini ndiyo yanayoiangamiza vitamini B1 na vitamini C kwa kasi ambayo maikrowevu haiwezi kuifikia. Ajabu ni kwamba magadi hayalaumiwi na mtu.

Pasha sehemu utakayokula tu, mara moja. Kila mzunguko wa kupoza na kupasha hupunguza tena vitamini C, hata kukaa kwenye friji huipunguza. Unairudisha kwa kitu kibichi: kamulia nusu ndimu baada ya chakula kutoka kwenye maikrowevu, au kula na kachumbari iliyokatwa wakati huo huo. Vitamini C hiyo pia huusaidia mwili kufyonza chuma cha maharage na mboga. Na chai isubiri saa moja baada ya mlo, maana hukizuia chuma hicho hicho.

Sasa namna ya kupasha. Mawimbi huingia sentimita mbili tatu tu. Ndani zaidi joto hufika kwa kusambaa, polepole. Ndiyo maana rundo la wali huchemka pembeni na kubaki baridi katikati. Tandaza chakula kiwe na kina cha sentimita 3 hivi, vipande vinene vikae pembeni mwa sahani na katikati uache nafasi. Wali unyunyizie kijiko kimoja au viwili vya maji kwa kila kikombe. Funika kwa mfuniko uliolegea ili mvuke ufanye kazi. Kwa mashine ya wati 800 na sahani ya gramu 300 iliyotoka kwenye friji: dakika 2, koroga, dakika 1 hadi 1 na nusu, kisha iache imefunikwa dakika 2 joto lisambae. Katikati panatakiwa pafike nyuzijoto 74. Kama huna kipimajoto, mvuke utoke katikati, si pembeni tu. Samaki na nyama zipashe kwa nusu ya nguvu kwa muda mrefu zaidi, la sivyo zitakauka. Ugali ukate vipande vya sentimita 2, uunyunyizie maji na kuufunika. Chapati inatosheka na sekunde 20 hadi 30 ndani ya karatasi ya jikoni iliyoloweshwa. Yai zima la kuchemsha usiliingize, linaweza kupasuka hata likiwa tayari mkononi.

"Kiporo kikichemka, kila kilichomo kimekufa."

Kati ya kauli zinazosikika kuhusu kupasha, hii ndiyo ya hatari. Wali au pilau iliyolala kwenye sufuria juu ya meza haiokolewi na moto wowote. Bakteria aitwaye Bacillus cereus ana mbegu zinazopona hata wali ukichemka. Wali ukipoa na kukaa katika joto la chumba, mbegu huamka, bakteria huongezeka, na baadhi yao hutoa sumu ya kutapisha inayostahimili hata nyuzijoto 121. Unapopasha unawaua bakteria, sumu inabaki palepale. Kutapika huanza ndani ya saa chache, mara nyingi chini ya sita. Chakula kikiwa kimelala nje, kitupe. Inauma, lakini kitupe.

Hotipoti nayo ni ile ile. Ni nzuri kwa saa moja mbili, chakula kikiwa bado juu ya nyuzijoto 60. Kikishuka kuwa vuguvugu, umewaandalia bakteria makazi, na vitamini zimeendelea kuharibika muda wote huo.

"Chakula cha moto kisiingie kwenye friji."

Kisiingie kikiwa sufuria nzima inayofuka, ndiyo. Lakini kukisubiri kipoe kabisa ndiko kunakokilaza nje. Kigawe kwenye vyombo vifupi vya kina kisichozidi sentimita 5, viweke juu ya sinia lenye maji baridi, koroga, na baada ya nusu saa ingiza. Mwisho ni saa mbili tangu kuepuliwa. Joto la hewa likizidi nyuzijoto 32, kama Dar es Salaam au Mombasa zinavyoweza kuwa kwenye joto la Februari na Machi, ni saa moja. Friji iwe chini ya nyuzijoto 5. Wali ule ndani ya siku moja, vyakula vingine ndani ya siku tatu. Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa hutunza baridi kwa saa nne hivi, basi.

"Mionzi inabaki kwenye chakula." Haibaki. Mawimbi hukoma papo hapo mashine inapozimika au mlango unapofunguliwa, kama mwanga wa taa. Mlango uliopinda au usiofunga vizuri ndio wa kupeleka kwa fundi.

"Mchicha ukipashwa tena unakuwa sumu." Naitraiti, chumvi ya asili iliyomo kwenye mchicha, hugeuzwa na bakteria kuwa naitriti yenye madhara mboga inapokaa nje, moto wa kupasha sio unaoigeuza. Iliyoingia kwenye friji mapema ipashe. Mtoto wa chini ya miezi sita hapewi kabisa, iwe ya leo au ya jana.

"Plastiki ni plastiki." Kopo la aiskrimu au majarini lilitengenezwa kwa ajili ya baridi. Mchuzi wenye mafuta hupita nyuzijoto 100 na kulilainisha, na vitu vya plastiki huingia kwenye mchuzi. Hamishia kwenye bakuli la kioo au udongo lisilo na ukingo wa dhahabu. Vivyo hivyo mfuko wa nailoni.

Na maziwa ya mama yaliyokamuliwa hayaingii kwenye maikrowevu. Hupata moto kwa mabaka, chupa ikahisi vuguvugu nje huku ndani kuna sehemu ya kumbabua mtoto mdomo. Chupa ikae ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu dakika chache, itikiswe taratibu, na tone moja lijaribiwe kwenye kiwiko cha ndani kabla mtoto hajapewa.