Mwalimu na sukari ya kazini: maswali na majibu

Katika shule zetu nyingi, chai ya saa nne hufika ofisi ya walimu ikiwa imekwisha kutiwa sukari jikoni, ikifuatana na beseni la maandazi lililofunikwa kitambaa, na mwalimu aliyeondoka nyumbani alfajiri bila kutia kitu tumboni hana nafasi ya kuanza kuhesabu vijiko. Maswali yafuatayo ni yale ambayo walimu huyauliza pale mazungumzo yanapogeukia kisukari, uzito na meno. Yamejibiwa kwa kuzingatia siku ya kazi ya mwalimu, ambayo hutawaliwa na kengele na haimpi mtu uhuru wa kula anapotaka.

Swali: Mtu mzima anaruhusiwa sukari kiasi gani kwa siku?

Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 unashauri kwamba sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati yote ambayo mtu huipata kwa siku, na kwamba ni heri zaidi ikishuka chini ya asilimia 5. Sukari huru ni ile inayoongezwa na kiwanda, mpishi au mlaji mwenyewe, pamoja na ile iliyomo katika asali na juisi ya matunda. Sukari ya tunda zima na ya maziwa haihesabiwi humo. Kwa mtu anayetumia kilokalori 2,000 kwa siku, asilimia 10 ni gramu 50 hivi, yaani vijiko 12 vya chai, na asilimia 5 ni vijiko 6.

Kijiko kinachokusudiwa hapa ni kile kilichosawazishwa, chenye gramu 4 hivi, wala si kile tunachokijaza hadi kikawa kichuguu. Mwalimu anayekunywa vikombe viwili vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja amekwisha kufikisha gramu 24. Akiongeza chupa moja ya soda ya kola ya mililita 350, ambayo kwa kawaida hubeba gramu 35 au zaidi, amevuka kiwango cha juu kabla hajagusa andazi wala chakula cha jioni.

Swali: Kwa nini hamu ya vitu vitamu hunizidi nikiwa shuleni, ilhali wakati wa likizo hainisumbui?

Wengi hujilaumu kwamba hawana msimamo, lakini mara nyingi mpangilio wa siku ndio wenye lawama. Kwanza kuna njaa ya kweli: aliyeamka saa kumi na moja, akapanda daladala mbili na kufundisha vipindi vitatu mfululizo kabla ya chai, mwili wake unadai chakula, nao ukiwa katika hali hiyo huchagua kilicho karibu na kitamu. Pili kuna usingizi. Aliyekesha akisahihisha madaftari ya darasa la wanafunzi 80 hulala saa chache, na tafiti zimeonyesha mara kwa mara kwamba mtu asiyelala vya kutosha hula zaidi siku inayofuata, hasa vyakula vitamu na vya mafuta. Tatu kuna mazoea: kengele ya mapumziko ikiwa imefuatana na soda kwa miaka kadhaa, kengele yenyewe inatosha kuamsha hamu, hata tumbo likiwa limejaa.

Jambo la nne huwa halisemwi waziwazi. Shule nyingi zina mwalimu anayeuza visheti, kashata, ubuyu au barafu kwa wanafunzi ili kuongezea kipato, na bidhaa hizo hukaa kwenye droo au ndoo chini ya meza ya ofisi. Sina nia ya kuhukumu biashara hiyo hapa, ingawa meno ya watoto nayo yana haki ya kutetewa. Ninachosema ni kwamba mwenye droo ya visheti huanza kwa kula vilivyovunjika, kisha vikaanza kuvunjika kwa wingi usioelezeka, na jirani yake wa meza naye akapata mkopo wa kulipa mwisho wa mwezi. Kitu kilicho umbali wa mkono huliwa bila hata njaa kuwapo. Kikihamishiwa kwenye stoo iliyofungwa, au kikakaa kwenye chombo kisichoonyesha kilichomo, hupungua mdomoni bila ya mtu kupigana na nafsi yake.

Swali: Lakini soda ya saa nane si ndiyo inayonipa nguvu ya kumalizia vipindi vya mchana?

Hisia hiyo ni ya kweli kwa dakika chache, na sehemu kubwa yake hutokana na kukaa chini, kunywa kitu cha baridi na, kama ni kola, kafeini iliyomo. Mwaka 2019 watafiti wa vyuo vikuu vya Warwick, Lancaster na Humboldt cha Berlin walichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 31 kuhusu sukari na hisia za mtu, kama uchangamfu na uchovu. Hawakuona kwamba sukari inachangamsha; waliona kwamba walioitumia walikuwa na uchovu zaidi ndani ya nusu saa, na umakini wao ulikuwa umepungua ndani ya saa moja, wakilinganishwa na ambao hawakuitumia. Kwa ratiba ya shule, hapo ndipo mwalimu anapokuwa katikati ya kipindi, chaki mkononi. Bilauri mbili za maji, matembezi mafupi hadi kwenye mti wa uwanjani na kurudi, na chakula cha mchana chenye maharage, mboga au dagaa humfikisha mbali zaidi.

Swali: Nikitaka kupunguza, nianze wapi?

Anza na birika. Maandazi ndiyo yanayolaumiwa zaidi kwa sababu yanaonekana, na ni kweli kwamba mafuta na unga mweupe wake si wa kula kila siku, lakini sukari nyingi ya mwalimu hupita kwenye kikombe bila kuonekana. Kwa kuwa chai ya ofisi hununuliwa kwa mchango wa wote, suala hili huamuliwa vizuri zaidi kwenye kikao cha walimu kuliko mtu kujisusia peke yake: mpishi aombwe alete chai isiyotiwa sukari, na bakuli la sukari liwekwe mezani pamoja na kijiko kimoja kidogo. Hakuna anayenyimwa, ila kila mtu huanza kuona kwa macho yake kiasi anachotia. Bajeti ya sukari nayo hushuka, na hoja hiyo hukubalika haraka kwa mtunza fedha wa chai.

Baada ya hapo, punguza nusu kijiko kwa kila kikombe, ukae na kiwango hicho wiki moja au mbili, ndipo upunguze tena. Ulimi huzoea ndani ya wiki chache, na wengi husimulia kwamba wakirudishiwa chai yao ya zamani huiona kama uji wa sukari. Tangawizi, iliki na mdalasini huipa chai ladha inayojitosheleza, mradi viungo hivyo visitumiwe kama kisingizio cha kurudisha sukari.

Sambamba na hilo, usifike saa nne ukiwa na njaa kali. Kipande cha kiazi kitamu au muhogo uliochemshwa jana usiku, yai, ndizi au konzi ya karanga zisizo na sukari, vikifungwa kwenye kibakuli na kuliwa kabla ya gwaride la asubuhi, huondoa ile haraka inayomfanya mtu achukue maandazi manne bila kujua.

Swali: Mimi hula pipi kwa sababu ya koo. Nifanye nini?

Kusema saa nyingi kwenye darasa lenye vumbi la chaki hukausha koo, na walimu wengi hunyonya peremende kipindi hadi kipindi wakidhani wanajitibu. Kwa upande wa meno, hii ni mojawapo ya njia mbaya zaidi za kula sukari, kwa kuwa meno huumizwa na idadi ya mara sukari inapoingia mdomoni kuliko kiasi chake. Bakteria wa mdomoni, akiwamo Streptococcus mutans, hugeuza sukari kuwa asidi. Kipimo cha uasidi mdomoni (pH), ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi, kikifika chini ya 5.5 hivi, tabaka gumu la jino huanza kuyeyuka, na mate huhitaji nusu saa au zaidi kurekebisha hali hiyo. Anayenyonya pipi kila baada ya dakika 20 hayapi mate nafasi hiyo asubuhi nzima. Chupa ya maji juu ya meza, ikinyweka kidogo kidogo, hulisaidia koo vizuri zaidi. Sauti ikikwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, nenda ukachunguzwe na daktari.

Swali: Mzazi akileta keki, au siku ya mahafali, nitakataaje bila kuonekana mwenye majivuno?

Huna haja ya kukataa kila mara. Mahafali ya darasa la saba huja mara moja kwa mwaka, na kipande cha keki siku hiyo hakimdhuru mtu mwenye afya. Kinachodhuru ni ile soda ya kila siku isiyo na sherehe yoyote. Kwa zawadi nyingine, kupokea na kula ni mambo mawili tofauti. Pokea kwa mikono miwili, useme, “Ahsante sana mama, Mungu akubariki, nitaionja baadaye,” kisha ikatwe vipande vidogo igawiwe ofisi nzima. Mwenzako anayekukaribisha visheti kwa mara ya tatu atosheke na “Starehe, mwalimu, nimeshakunywa chai.” Ukianza kumweleza habari za kisukari, utakuwa umeanzisha mjadala ambao kengele haitaumaliza.

Swali: Je, asali, sukari guru au soda zisizo na sukari ni mbadala salama?

Asali na sukari guru ni sukari, na huhesabiwa kwa vijiko vilevile. Juisi hata ikiwa ya kusagwa nyumbani hupandisha sukari mwilini haraka kuliko tunda lenyewe. Kuhusu vitia utamu visivyo sukari, mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri visitegemewe kama njia ya kudhibiti uzito, ingawa ushauri huo hauwahusu watu ambao tayari wana kisukari.

Swali: Kula sukari ndiko kunakoleta kisukari?

Kisukari cha aina ya 1 hakiletwi na sukari. Cha aina ya 2 hutokana na mchanganyiko wa urithi, unene hasa wa tumbo, kutoushughulisha mwili na mlo, na unywaji wa mara kwa mara wa vinywaji vyenye sukari huongeza hatari yake. Ukiona kiu isiyoisha, kukojoa mara nyingi, uzito kupungua bila sababu, macho kuona ukungu au vidonda kuchelewa kupona, pima. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula chochote kikionyesha milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, ni dalili ya kisukari, na kwa asiye na dalili nyingine hurudiwa ili kuthibitisha. Kati ya 6.1 na 6.9 sukari imekwisha kupanda kupita kawaida.

Swali: Nina kisukari na natumia insulini. Niondoe pipi zote mezani kwangu?

Hapana. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamidi anaweza kushukiwa na sukari ghafla, hasa akichelewa kula kwa sababu ya kikao au zamu. Ukitetemeka, ukatokwa na jasho, moyo ukaenda mbio au ukaanza kuchanganya maneno ubaoni, tumia gramu 15 za sukari papo hapo, ambazo ni vijiko vinne hivi vilivyokorogwa kwenye maji au nusu bilauri ya soda ya kawaida, usubiri dakika 15, upime tena, na urudie kama sukari ya damu bado iko chini ya milimoli 4 kwa lita. Ikikaa sawa, kula chakula. Mwambie mwalimu wa meza ya jirani sukari hiyo iko wapi, na umweleze kwamba akikukuta umepoteza fahamu asikutie kitu mdomoni, bali akulaze ubavu na kukimbilia msaada wa hospitali.